Tangawizi Kabla ya Maziwa

Asubuhi ya leo binti yangu, akiwa amesimama kando ya jiko akisubiri chai, aliniuliza kwa nini kila siku nachemsha tangawizi kwenye maji kwanza ndipo nitie maziwa. Nilimjibu kwamba tangawizi mbichi hukatisha maziwa. Jibu hilo ni la kweli, lakini si lote.

Ilikuwa Januari 2014, mjini Minneapolis, usiku wa kumuaga shemeji aliyekuwa akirudi Tanga moja kwa moja. Shemeji aliipenda kupita kiasi The Big Lebowski, filamu ya mwaka 1998 ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, waliokulia St. Louis Park, pale pale jirani na Minneapolis, ijapokuwa kisa chenyewe kinatokea Los Angeles. Mhusika wake mkuu, Dude, aliyeigizwa na Jeff Bridges, anaingia dukani amevaa joho la kuogea na kuandika hundi ya senti 69 kwa ajili ya pakiti ya maziwa, na karibu kila aendako ana bilauri ya White Russian mkononi. Shemeji, aliyekuwa na kazi mbili na kulala saa nne kwa siku, alikuwa akisema kwamba huyo ndiye mtu pekee aliyemwona Marekani asiyetazama saa.

Kokteli hiyo haina ugumu: mililita 50 za vodka, 20 za kileo kitamu cha kahawa, 30 za malai, na barafu. Urusi imo katika jina kwa sababu ya vodka tu. Mimi nilitaka shemeji aondoke na kinywaji cha Dude chenye harufu ya kwetu, kwa hiyo nilitwanga iliki nane, nikavunja kijiti cha mdalasini, nikavipasha moto pamoja na malai, kisha, malai yakiwa bado ya moto, nikakamulia humo tangawizi mbichi.

Nilipofunua sufuria baada ya robo saa, malai yalikuwa yameganda mabonge, na chini yake maji ya rangi ya manjano. Wageni kumi na wawili walikuwa sebuleni. Nilisimama na kijiko mkononi, na hapo ndipo nilipomwona mama katika jiko letu la Muheza, akisubiri tangawizi itokote vizuri kwenye maji kabla ya kumimina maziwa. Katika tangawizi mbichi mna kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto wa kuchemka hukiua. Mama hakuwahi kulitaja neno hilo, wala hakulihitaji.

Shemeji mwenyewe alitoka kwenye theluji kununua malai mengine. Safari hii nilichemsha tangawizi, iliki na mdalasini kwenye maji na sukari, nikachuja, nikaipoza shira hiyo nje ya dirisha. Nilitia barafu, vodka, kileo cha kahawa na kijiko kimoja cha shira, kisha nikayamimina malai taratibu juu ya mgongo wa kijiko. Yalitulia juu, meupe kabisa, na weusi wa kahawa chini yake. Halafu uzi mmoja mwembamba ukashuka, ukajikunja ukingoni mwa barafu, ukafuatwa na mwingine. Nilikwaruza kungumanga juu yake. Shemeji aliinusa bilauri muda mrefu kabla ya kuonja, kisha akasema, "Hii ni chai ya mama."

Wiki ileile mama alipiga simu kuuliza tulimuaga shemeji kwa kitu gani. Nyumbani kwetu pombe haikuwahi kuvuka kizingiti. Nilimwambia tulikunywa chai, naye akaniuliza kama nilikumbuka kuichemsha tangawizi kwanza. Nikasema ndiyo, mama. Alifariki miaka miwili baadaye, na mpaka leo sijui kama kumficha kulikuwa heshima au woga, wala kama angefurahi kujua kwamba usiku ule aliyeniokoa ni yeye.

Binti yangu aliuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni bibi yake, kisha nikampa mwiko akoroge.