Mikindani, kwenye akwaria inayojazwa kwa ndoo

Barabara ya kusini inataka mgongo imara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi, na viti vya basi nililopanda vilibanana kiasi kwamba magoti yaligusa chuma cha mbele mwanzo hadi mwisho wa safari. Ukishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji unapata kipande kirefu cha lami nzuri. Kuanzia Somanga dereva alipunguza mwendo, maana huko ndiko mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikokata barabara Mei 2024. Chai ya njiani ilikuwa ghali na ya vuguvugu. Mikindani iko njiani, kilomita kama 10 kabla ya kuingia Mtwara mjini, lakini kondakta alikataa kunishusha pale usiku, akanifikisha stendi. Kurudi nyuma kwa bodaboda kulinigharimu mara kumi ya nauli ya daladala ya mchana. Anayekwenda huko achague basi linalofika jua lingali juu.

Nilichofuata kiko pembeni mwa kigati kidogo kwenye ghuba. Kikundi cha wavuvi na akina mama wachuuzi wa samaki wamegeuza ghala la nyavu kuwa akwaria: matangi manne ya kioo, mapipa ya plastiki yaliyopasuliwa kwa urefu, na karo pana la zege ambamo watoto wa shule hugusa viumbe kwa mikono yao. Ndani mna tasi, changu wadogo, chewa mmoja, mkunga, bunju, pweza, jongoo bahari, viti vya pwani na kaa. Kila mvuvi wa hapo amewavua hao tangu utotoni. Ila kuwaona wakiwa hai, wakila, wakijificha, wakibadilika rangi, hata mzee wa bahari husimama akatazama.

Tangi kubwa lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Hizo ni lita 300, yaani zaidi ya kilo 300 za maji ya bahari kabla ya kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Meza ya kawaida haihimili uzito huo. Wamejenga nguzo za matofali ya saruji, juu yake ubao mnene wa mninga, kisha tabaka la sponji. Sponji ina kazi: kioo kikikalia kijiwe kimoja tu, uzito wote hukutana hapo na kitako hupasuka. Kioo chenyewe ni cha milimita 10. Gundi ni silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu, jambo ambalo mafundi wengi wa vioo hawaliulizi. Silikoni ya bafuni huwa na dawa hiyo, na samaki wanaweza kufa bila mtu kujua sababu. Baada ya kuunganishwa, tangi liliachwa wiki nzima mpaka harufu ya siki ikaisha.

Kazi kubwa ya kila wiki ni maji. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka kupita kawaida, pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na bahari hutoka mbali mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Maji huchotwa wakati wa kujaa tu, mwisho wa kigati, mbali na mahali boti zinapotiwa mafuta. Ndoo huzamishwa hadi kina cha mita moja hivi, kwa kuwa ngozi ya juu ya bahari ndiyo inayobeba mafuta, vumbi na taka. Kisha maji huchujwa kwa kitambaa, yakawekwa kwenye simtanki la lita 1,000 lililofunikwa lisipate mwanga, yatulie siku kadhaa huku pampu ndogo ikipuliza hewa. Kila wiki hutolewa asilimia 15 ya maji ya tangi na kurudishwa mapya. Kwa tangi la lita 300 ni lita 45, ndoo mbili kubwa na kidogo. Msimu wa mvua hawachoti siku zinazofuata mvua kubwa, kwa kuwa ghuba huingiwa na maji matamu na matope.

Halafu kuna chumvi. Maji yakipungua kwa joto, yanayoondoka ni maji matupu. Chumvi hubaki na kuzidi. Kwa hiyo tangi lililopungua kidogo haliongezwi maji ya bahari, huongezwa maji matamu, yasiyo na chumvi. Haidromita, kidude cha kupimia chumvi ya maji, isome kati ya 1.023 na 1.025. Maji ya bomba huachwa usiku kucha yakipulizwa hewa ili klorini iondoke. Maji ya mvua wanayakwepa, maana bati jipya hutoa zinki, na zinki huua kaa, viti vya pwani na pweza kabla samaki hawajaonyesha dalili yoyote. Shaba ni vivyo hivyo: hakuna koki ya shaba nyeupe wala waya mtupu unaogusa maji popote ndani ya banda lile.

Sasa niseme usiku niliouona mwenyewe, maana ndio ulionifundisha akwaria ile inasimama juu ya nini.

Umeme ulikatika saa nne usiku, siku ya bamvua. Bahari ilikuwa imetoka mpaka mitumbwi imelala juu ya matope, hakuna hata tone la kuchota karibu na kigati. Maji ya bahari yenye nyuzi 30 za joto hushika miligramu 6 hivi tu za oksijeni kwa lita, pungufu ya yale ya nyuzi 20 yanayoshika zaidi ya 7. Chini ya paa la bati lililochomwa na jua mchana kutwa, akiba hiyo huisha upesi. Simu zikapigwa, haukupita muda wakafika watu na tochi.

Pampu za hewa zinazotumia betri za tochi zilikuwa mbili. Moja ilipelekwa kwa pweza, nyingine kwa mkunga. Pweza ndiye aliyekuwa amebadilika mapema zaidi: amepauka, amepanda karibu na uso wa maji, anavuta na kutoa maji kwa haraka. Damu yake hubeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama damu yetu, na hewa ikipungua hutaabika mapema. Chewa akahamishiwa kwenye pipa lililopasuliwa, maji ya kina cha kiganja na nusu. Hewa huingilia usoni pa maji, hivyo chombo kipana chenye maji machache huvumilia kuliko tangi refu lililojaa. Na kumwondoa samaki mkubwa kunawaachia wadogo pumzi yao.

Matangi mengine yalibaki ya mikono. Nahodha mmoja wa makamo alinikabidhi kata.

"Mjomba, chota juu, mwaga kutoka juu. Chini usikoroge."

Ukikoroga mchanga unaamsha uchafu uliotulia, nao huoza na kula oksijeni ile ile unayoitafuta. Tulichota na kumwaga kwa zamu, tangi hadi tangi. Milango yote ilifunguliwa ili upepo wa baharini upite. Kila baada ya muda, akina mama walilaza karatasi ya gazeti juu ya maji na kuivuta taratibu: inanasa utando wa mafuta ya dagaa wa jioni, utando unaoziba hewa isiingie. Maji ya simtanki yalitumika kidogo kidogo, tangi la pweza kwanza. Ilipofika saa nane usiku bahari ilikuwa imerudi kwenye nguzo za kigati, na kufikia saa kumi alfajiri ndoo zilipanda bila kusimama.

Walikufa changu wawili. Walitolewa papo hapo, kwa sababu mzoga mmoja unatosha kujaza tangi amonia, sumu itokanayo na uozo na uchafu wa samaki.

Hatari kubwa ilikuja umeme uliporudi, kulipopambazuka. Kijana mmoja aliinyoshea mkono swichi ya chujio la mtungi, lile lililofungwa kote na kuwekwa chini ya meza. Mama msimamizi akamzuia. "Mwanangu, usiwashe. Fungua kwanza unuse." Ilitoka harufu ya yai bovu. Ndani ya mtungi wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na ukali mkubwa. Maji yakisimama mle kwa saa kadhaa bila oksijeni, bakteria hao hufa, wengine wanaopenda pasipo na hewa huchukua nafasi, na maji yale yanakuwa sumu. Ungewasha swichi, sumu yote ingesukumwa tangini kwa samaki waliokwisha choka. Mtungi ulimwagwa nje, sponji zikasuuzwa kwenye maji yaliyotolewa tangini. Hazikusuuzwa kwa maji ya bomba, maana klorini ingeua hata bakteria waliosalia. Samaki hawakulishwa siku mbili, na amonia ikapimwa asubuhi na jioni. Chujio jipya, bakteria huchukua wiki nne hadi sita kukamilika. La zamani lililojeruhiwa huinuka mapema zaidi, lakini linahitaji kuangaliwa kwa makini.

Mpira wa pampu moja ya hewa nao ulileta balaa. Pampu ilikuwa imewekwa chini kuliko maji, na ilipozimika maji yalirudi kwa mpira, yakaijaza na kulowesha sakafu. Kinachozuia hilo ni vali ndogo ya njia moja, kidude kidogo kuliko kidole gumba. Au pampu itundikwe juu ya usawa wa maji.

Nyumbani Tanga tuna bahari hiyo hiyo, na tuna hata hifadhi iliyopewa jina la silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009. Samaki huyo wa kale wa kwanza kunaswa Tanzania alipatikana upande wa Kilwa mwaka 2003, kisha Tanga wakaingia kwenye majarife mmoja baada ya mwingine. Watoto wetu wanamjua akiwa mzoga ndani ya dawa. Silikanti hai hawezi kufugwa, anatoka kina kirefu chenye mwanga hafifu, hilo naelewa. Lakini pweza je? Tasi je? Mtoto wa Tanga anamjua pweza akiwa kwenye sinia la muuzaji. Niliwaona wanafunzi wa Mikindani wakikaa kimya kumwangalia akimfungua kaa. Matumbawe ya ukanda huu yameumizwa na baruti kwa miaka mingi. Naamini mtoto aliyemwona pweza akimtazama kupitia kioo atamsikiliza kwa sikio jingine mtu anayemweleza habari za baruti.

Karo la kugusa lina masharti yake, nayo yanafuatwa kweli. Mikono huloweshwa kwanza kwa maji ya bahari, isiwe na mafuta wala losheni. Unagusa kwa vidole viwili. Kiti cha pwani hakiinuliwi nje ya maji. Bunju haingii humo kabisa, wala jongoo bahari. Jongoo akisumbuliwa hutapika matumbo, na wapo wanaotoa sumu inayoweza kuua samaki wote wa chombo kidogo, kwa hiyo ana pipa lake peke yake. Pweza naye hukaa peke yake, kifuniko kimekandamizwa kwa tofali, maana tundu analopitisha mdomo wake mgumu, mwili wote hupita.

Anayetaka kuwasaidia asipeleke samaki. Watu huwaletea hata papa wadogo kwenye ndoo, wanawakataa, na wana haki: tangi lililojaa ndilo linalokufa kwanza umeme ukikatika. Kasa ni marufuku kisheria, na viumbe wengine hukusanywa kwa kibali cha maofisa wa uvuvi. Kinachohitajika ni pampu za betri, mawe ya hewa yanayotawanya mapovu, mpira wa milimita 4, vali za njia moja, na vipimo vya amonia ambavyo tarehe yake haijapita. Hivyo vipimo vinaagizwa Dar es Salaam kwa bei inayouma. Boksi moja linazidi chakula cha samaki cha miezi, kwa kuwa chakula ni vichwa vya kamba na dagaa wa sokoni, kiasi kinachoisha ndani ya dakika tatu, mara moja kwa siku.

Msaada mkubwa kuliko wote ni betri ya sola ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100. Hesabu yake ni nyepesi: 12 mara 100 ni Wh (wati-saa) 1,200, ukitumia nusu ili betri isiharibike unapata 600, pampu ya hewa ya wati 20, pamoja na kinachopotea kwenye inveta, inakula kama 24. Hizo ni saa 25. Betri ya gari haifai, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiikausha mara kwa mara inakufa mapema.

Kuna akwaria ya kijamii kule Ucluelet, Kanada, iliyoanza kama kibanda kidogo kando ya maji mwaka 2004, ambayo hukusanya viumbe majira ya kuchipua na kuwarudisha wote baharini mwaka unapokaribia kwisha. Mikindani nao wameanza kurudisha. Pweza hutolewa kabla hajazeeka, kwa kuwa maisha yake ni ya mwaka mmoja na kitu, na jike akishataga haendi tena kula. Huachiwa jioni, maji yakiwa yamejaa, kwenye mwamba ule ule alikochukuliwa.

Ukienda, chagua siku ya bamvua na ufike saa tisa alasiri. Lipa kiingilio, kunja suruali, omba ndoo. Maji yatakuwa mwisho wa kigati saa moja baadaye, na simtanki la lita 1,000 linachukua ndoo 50.