Siku moja maishani mwangu: skripti, winchi na chupa ya maji ya ziwa

Saa 12:30 asubuhi. Tuko ufukweni kusini mwa jiji la Mwanza, wavuvi wa dagaa ndio kwanza wanaegesha mitumbwi. Tunarusha droni, ndege yetu ndogo isiyo na rubani, saa hizi kwa sababu upepo umetulia. Mchana hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, na chupa iliyoning'inia kwenye kamba huanza kuyumba, ikaiyumbisha na ndege yenyewe. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga tunatembea nacho kila tunaporusha.

Kazi ya droni yetu ni kufika palipozibwa na gugumaji, mahali ambapo mtumbwi haupenyi. Inasimama angani, inashusha chupa kwa winchi, yaani roda ya kamba inayozungushwa na mota, inachota maji, inarudi. Inaongozwa na ArduPilot, otopailoti (programu inayoirusha ndege yenyewe) ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. ArduPilot inajua kuruka vizuri kuliko chochote ambacho ningeweza kuandika mimi. Isichokijua ni hiyo chupa. Hapo ndipo inapoingia skripti, yaani programu fupi ninayoiandika kwa lugha ya Lua.

Saa 1:15. Ndege imerudi na chupa tupu, nami nimeridhika. Asubuhi hii maji yametulia kabisa, na kipimo cha leza kilicho tumboni mwa droni hakiyaoni sawasawa: mwanga unapita ndani au unaruka pembeni badala ya kurudi. Skripti haikupata umbali wa kuaminika, ikakataa kushusha kamba, ikatuma ujumbe kwenye kompyuta yetu, safari ikaendelea. Kamba iliyoshushwa kwa kubahatisha inaweza kunasa kwenye magugu, na ndege iliyofungwa kwa kamba chini haina pa kukimbilia.

Saa 3. Karakana. Chai, chapati, na rekodi ya safari. Mstari wa leza unakatika, unarudi, unaruka. Kipimo cha sauti kingeyaona maji hayo vizuri zaidi, ila masafa yake ni mafupi na kelele za propela hukisumbua. Tutanunua cha rada fedha ikipatikana. Kwa leo nabadilisha skripti: isiamini kipimo kimoja, ikusanye kumi, ichukue cha katikati, na vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 30 isubiri na kujaribu tena.

Kwa ambaye hajawahi kugusa haya: unaweka kigezo cha SCR_ENABLE, kinachoruhusu skripti, kuwa 1, unawasha upya bodi ya otopailoti, kisha unatia faili lako kwenye kadi ya kumbukumbu, folda APM/scripts. Bodi yenye flashi (hifadhi ya programu) ya megabaiti 1 kwa kawaida haina nafasi ya skripti, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Skripti yenyewe haizunguki bila kikomo. Inafanya kazi kidogo, kisha inamalizia na mstari kama `return update, 100`, yaani niite tena baada ya milisekunde 100. Ikijisahau ikachukua muda kupita kiasi, inasimamishwa. Ikikosea, inakufa yenyewe na ndege inaendelea kuruka. Na kama kosa limetokea ukiwa bado chini, otopailoti inakataa kuwasha mota mpaka ulishughulikie. Mpangilio huu ndio unaonipa moyo wa kufanya kazi hii juu ya maji.

Saa 5. Naiendesha droni ya kuigiza ndani ya kompyuta kwa `sim_vehicle.py -v ArduCopter`. Kwa kawaida inaanzia Canberra, Australia. Mimi naihamishia hapa, kwenye mwinuko wa mita 1,134 wa Ziwa Victoria. Katika mpango wa safari naweka NAV_SCRIPT_TIME, amri namba 42702. Ndege ikifika hapo inaikabidhi skripti zamu, nayo ikimaliza kazi inasema `vehicle:nav_script_time_done`. Muda niliouweka ukiisha kabla haijamaliza, safari inasonga mbele.

Saa 8. Kijana aliyeko kwetu kwa mafunzo ya vitendo ananiuliza, "Kaka, kwa nini usibadilishe programu yenyewe? Si iko wazi?" Swali zuri, na inawezekana. Lakini ukiichana C++ ya ArduPilot, yaani lugha iliyoandikiwa programu kuu, kila toleo jipya likitoka itakubidi ushone upya mabadiliko yako, na ukikosea ndani humo umegusa kitu kinachoishikilia ndege angani. Skripti inakaa pembeni. Toleo jipya likija, nasoma tu kama majina ya amri ninazotumia yamebadilika. Nikamwambia ajifunze C++ pia, maana siku akiona kasoro kwenye programu kuu atakuwa na la kuchangia.

Saa 9. Mezani, propela zimetolewa. Hili halina mjadala hapa karakana. Servo ya winchi, mota ndogo inayofuata amri za bodi, tumeipa SERVO9_FUNCTION namba 94, yaani mlango wa 9 umeachiwa skripti, nayo skripti inaitafuta kwa `SRV_Channels:find_channel(94)`. Siandiki namba ya mlango moja kwa moja, kwa sababu upande wa servo huhesabu kuanzia sifuri na upande wa rimoti kuanzia moja, na hapo watu wengi wamepoteza siku nzima. Amri ya kuizungusha, `set_output_pwm_chan_timeout`, ina muda wake wa mwisho: skripti ikifa katikati, winchi haiendelei kuachia kamba. Tunaiua makusudi huku winchi inazunguka. Inasimama.

Saa 11 jioni. La mwisho ndilo nilipendalo zaidi. Skripti inaweza kujiongezea vigezo vyake kwa `param:add_table`, vikaonekana ndani ya Mission Planner, programu ya kompyuta ya kupangia safari na mipangilio ya droni, pamoja na vile vya ArduPilot. Nimeviita CHUPA_KINA, CHUPA_SUBIRI na CHUPA_KASI. Dada anayepima maji hana haja ya kuandika msimbo. Amefungua orodha, akasoma majina, akaelewa bila kuelezwa, akabadilisha kina kutoka sentimita 50 hadi 70, kwa sababu maji ya juu juu yana vumbi la magugu na hayamfai. Kisha akaniuliza kama tunaweza kuchota kwenye vina viwili katika safari moja. Inataka servo ya pili na chupa ya pili. Nimeanza kupima uzito.