Jinsi nilivyoielewa "get by"

Hii get by ya Kiingereza ilinisumbua sana, maana kamusi inakuambia tu "kuishi" halafu unakutana na survive, pull through, live on, zote zinaonekana kitu kimoja. Kilichonisaidia ni kuacha kukariri maana na kuanza kuangalia kinachokuja baada yake. Mara nyingi get by inafuatwa na on au with, na hapo lazima kuna kitu kidogo kinachotosha kwa kubana: "they get by on one salary", yaani wanasukuma maisha kwa mshahara mmoja, njaa hawalali ila akiba hakuna. Halafu kuna hii, "enough French to get by", yaani Kifaransa cha kuombea maji, na huu mfano ndo ulinifungua kabisa kwa sababu hapo hakuna habari ya kufa wala kupona, ni kujimudu tu.

Pull through yenyewe iko sana kwa wagonjwa: hali ilikuwa mbaya, watu washakata tamaa, akapona, "he pulled through". Mtu katoka ICU huwezi kusema he got by, haiji kabisa. Ila mtu akiulizwa maisha vipi anaweza kujibu "we get by", yaani tunasukuma siku.