Siku Moja ya Kujitolea na Wasanifu Majengo wa Jamii

Saa 1:00 asubuhi. Jumamosi mbili za kila mwezi huzitoa kwa kikundi cha wasanifu majengo, wahandisi na wanafunzi ambao huchora na kusimamia, bila malipo, majengo ya watu wasiomudu ada ya msanifu. Kazi ya leo ilikuwa ukumbi wa jamii ambao mlango wake uko juu ya ngazi tatu, nami nilikabidhiwa mteremko wa kupitishia vitimwendo. Niliondoka nyumbani na tepu, daftari na ramani niliyoichora juzi usiku nikiamini imekamilika.

Saa 2:30. Fundi mkuu hakuitazama ramani. Alitaka kwanza tushike mpira wa maji wa kupimia usawa, yeye mlangoni, mimi langoni. Nilikuwa nimehesabu kimo cha ngazi tu, sentimita 45, nikasahau kwamba uwanja wenyewe unainama. Maji yalipotulia mpirani, tofauti ilikuwa sentimita 60. Kwa kanuni inayotumika sana, ya kimo 1 kwa urefu 12, mteremko wangu wa mita 5.4 ulipaswa kuwa wa mita 7.2, ilhali mbele ya jengo tuna mita 6 tu.

"Kijana, karatasi haina mwinamo," alisema, na sikuwa na la kumjibu.

Saa 4:00. Katika kikao na watumiaji wa ukumbi nilipendekeza mlango wa nyuma, ambako nafasi ni tele. Mama mmoja anayetumia kitimwendo aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani wenzangu wanapitia wapi?" Pendekezo likafia hapo. Ni yeye pia aliyetueleza kwamba mita saba mfululizo humchosha mtu mikono, hivyo angependa mahali pa kupumzikia katikati, reli pande zote mbili, na ukingo mdogo wa kuzuia gurudumu lisiteleze nje.

Saa 6:30. Nilichora upya: kipande cha kwanza kinaambaa na ukuta, kinafika kwenye jukwaa la kupumzikia la mita 1.5 kwa 1.5, kisha cha pili kinakata kona kuelekea langoni. Msanifu majengo Francis Kéré, aliyepata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2022, alijenga shule ya Gando nchini Burkina Faso pamoja na wanakijiji wenyewe. Wanafunzi wetu husifu zaidi paa lake lililoinuliwa, ila mimi, hasa baada ya kikao cha leo, nawawazia wanakijiji.

Saa 9:00. Tulivuta kamba na kumwaga chokaa ardhini, mama yule akajaribu kugeuza kitimwendo ndani ya mistari. Kiligeuka, lakini alituomba tusogeze nguzo ya reli iliyokuwa ikimbana kiwiko. Tukaisogeza.

Saa 11:00 jioni. Fundi alihitaji karatasi ya kuorodheshea saruji, kokoto na mabomba ya reli. Nilimpa ramani ya juzi, akaandika nyuma yake.