Kumbukumbu ya mradi: kibao cha magoli kimenyooka, hatimaye

Wakuu, jana saa tano usiku kibao cha magoli kwenye picha ya projekta yangu kimenyooka. Kuanzia jina la timu ya kwanza mpaka dakika, mstari umelala sawasawa kama kamba ya fundi. Toka mwezi wa tano naishi na kibao kilichopinda kama nyoka anavuka barabara, kila mechi macho yangu yako kona ya juu kushoto, watu wanashangilia goli mi naangalia herufi zinavyopanda na kushuka.

Mashine ni ileile, projekta ya UST (inayokaa karibu kabisa na ukuta na kurusha picha juu) ya leza ya bei ya kati, throw 0.25, yaani umbali wake ni robo ya upana wa picha, aina ya DLP yenye kile kichipu cha vioo vidogo cha inchi 0.47 kinachorusha 1080p mara nne kwa kasi mpaka unapata 4K. Sina ugomvi nayo tena. Mwanzoni niliitukana sana, bure kabisa.

Maana nilianza na hiyo mashine. Nikasasisha programu yake, hamna kitu. Nikaingia kwenye menyu ya kunyoosha picha kwa pointi, nikakaa humo usiku tatu mfululizo, ukiinua pointi hii ile ya jirani inazama, ukiikamata ile hii imetoroka, na kibaya zaidi ukishavuta sana maandishi yanapoteza makali kwa sababu mashine inalazimika kukisia pikseli, vile vinukta vya picha, upya. Yaani umelipia 4K halafu unaiharibu kwa mkono wako mwenyewe. Shemeji alikuja siku moja akaangalia kidogo akasema, "Kaka, hata TV yangu ya chogo ilikuwa inanyoosha." Nikamkatia stori.

Kilichonifungua macho ni taarifa ya habari. Yale maandishi yanayokimbia chini yalikuwa yamenyooka kabisa, wakati saa ya juu kwenye kona imepinda. Mashine moja, picha moja, chini safi juu nyoka. Hapo nikachukua karatasi nikapiga hesabu ambayo nilitakiwa kuipiga kabla hata ya kununua.

Kwa inchi 100 kona hadi kona, picha ina upana wa mita 2.21, kwa hiyo lenzi iko kama sentimita 55 tu kutoka ukutani. Ukingo wa juu wa picha uko karibu mita 1.5 juu ya lenzi. Gawanya hiyo 1.5 kwa 0.55, unapata 2.7. Maana yake mwanga wa juu unafika ukutani umelala mno, kila milimita moja ya kasoro ya ukuta inahamisha picha milimita 2.7. Tuta la milimita 3 linaushusha mstari milimita 8, na shimo la milimita 3 linaupandisha vilevile. Pikseli moja kwa saizi hiyo ni kama milimita 0.58, kwa hiyo hapo umehamisha pikseli 14 hivi! Chini ya picha tuta hilohilo halifikishi hata milimita 2, ndo maana maandishi ya habari yalikuwa yametulia. Projekta ya kawaida ya nyuma ya sebule isingeligundua hilo tuta maisha yake yote.

Nikamwita fundi aliyetupigia lipu wakati tunajenga huku Nzuguni, Dodoma. Akaja, akaupapasa ukuta, akarudi hatua mbili, akafumba jicho moja. "Bosi, huu ukuta umenyooka." Nikamwambia lete rula. Ile rula yake ya alumini ya mita mbili tukaiegesha, mi nikatoa kadi za benki nikazibebanisha. Kadi moja ni milimita 0.76. Zikapita nne chini ya rula bila kugusa. Fundi akakaa kimya, halafu akasema labda rula.

Tukapiga skimingi. Unga wa jipsamu, msasa, vumbi jeupe mpaka kwenye sufuria, mama watoto akahamia kwa dada yake siku mbili. Kadi nne zikawa mbili. Nikawasha, kibao kimepunguza kupinda ila bado, na sasa kuna kitu kipya, vimawimbi vidogo vidogo vya mwiko ambavyo mchana huvioni kabisa lakini mwanga ukitoka chini vinajitokeza kama matuta ya shamba. Tukarudia. Kadi mbili zilezile. Hapo nikamlipa fundi wa watu nikaachana na ukuta, mkono wa binadamu una mwisho wake.

Pazia la kuvuta, lile la projekta yangu ya zamani ya taa, nililijaribu pia. Usithubutu kwa UST. Lina mikunjo ya kwake, na feni ikiwaka picha inapepea kama bendera. Yale maalum ya CLR, yenye vimistari vinavyopokea mwanga wa chini na kukataa wa dari, ni mazuri kweli, ila bei niliyopewa imezidi nusu ya bei ya mashine. Na wapo wanaouziwa ALR, mapazia ya kukataa mwanga wa chumba, za projekta za mbali wakaweka kwenye UST. Ile inaukataa mwanga unaotoka pembeni, sasa UST yako yote inatokea huko huko, umenunua pazia linalogombana na projekta.

Wazo lilinijia nikiwa kwenye foleni nimeangalia jengo jipya limevishwa alukobondi mbele. Ile kitu imenyooka kiwandani, ni alumini pande mbili na plastiki katikati, milimita 4, shiti moja ni futi 8 kwa 4. Nikapiga hesabu hapohapo: mita 1.22 kwenda juu, inchi 100 inataka 1.245, haiingii. Inchi 97 inaingia, 2.15 kwa 1.21. Inchi tatu nimezizika bila matanga.

Kuibeba ndo ilikuwa sinema yenyewe. Mwezi wa tisa Dodoma, upepo unavyojua, tumeipakia kwenye kirikuu imesimama, tumefika barabarani shiti ikageuka tanga, vijana wawili wameikumbatia nyuma dereva anacheka. Fundi wa aluminiamu akaipigia fremu ya skwea paipu kwa nyuma isipinde, tukaifunga ukutani kwa bolti na vipande vya plastiki, kimoja kimoja, rula mkononi, mpaka kadi moja ikagoma kupita popote. Fremu imekula sentimita 4, na kwa throw 0.25 hiyo ni sentimita 16 za upana wa picha zinazopotea, kwa hiyo stendi nayo ikabidi ivutwe mbele.

Nikabandua ile nailoni yake, nikawasha. Mstari umenyooka! Ila shiti inang'aa, mechi nyingine iko darini. Nikapiga msasa, praima, rangi nyeupe isiyong'aa kwa rola ya manyoya. Ikatoka ngozi ya chungwa, kila kipele kina kivuli chake. Nilikaa chini sakafuni. Kesho yake nikaifungua tena tukaipeleka kwa jamaa wa rangi za magari, nikampa rangi yangu, akapuliza kwa kompresa matabaka mawili membamba, akaniuliza hili bango la chama gani.

Jana tumeirudisha, ndo hiyo ya saa tano usiku. Menyu ya pointi nimeifuta yote, iko sifuri, maandishi makali mpaka raha.

Kilichobaki ni vumbi letu. Kioo cha lenzi ya UST kinaangalia juu, kwa hiyo kila kinachoelea Nzuguni kinatua pale na kuwaka. Pampu ya hewa ya wapiga picha kwanza, kitambaa baadaye, ukianza na kitambaa mchanga unakuchania kioo. Na paka amejua pale pana joto, akipanda, sensa ya kulinda macho inazima mwanga, dakika ya 88 giza.

Ratiba ilikuwa sasa niweke ukingo mweusi, mapazia mazito ya dirishani, halafu spika kwa eARC, ile njia ya sauti ya waya wa HDMI. Lakini usiku nimelala nikawaza, shiti si inafunguka kwa bolti sita tu? Nikitoboa bolti sita nyingine ukuta wa nje upande wa uani, stendi ina matairi, mvua zetu hazianzi mpaka Desemba, jioni kule hata upepo ukuta unaukinga. Majirani walete viti vyao.

Mama watoto ameuliza mapazia lini. Nimemwambia Jumamosi fundi anakuja. Sijamwambia anakuja kutoboa wapi.