Spesa za kuinua Prado 120: piga hesabu kabla ya kushika spana

Mbele ya Toyota Prado 120, spesa (bamba nene linalowekwa juu ya shokapu au kwenye springi ili kuinua gari) ya milimita 25 haiinui gari milimita 25. Shokapu imefungwa sehemu ya kati ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi), si kwenye gurudumu, kwa hiyo unene unaouongeza juu yake huzaa karibu mara mbili. Spesa ya milimita 13 inainua takriban 25. Ya 25 inakaribia 50. Nyuma springi imekalia ekseli, na spesa ya 30 inainua karibu 30 hizo hizo. Ukinunua nne za unene mmoja, gari litainua pua.

Mbele nisingevuka milimita 30 za kuinuka kwa spesa peke yake. Spesa hairefushi mwendo wa shokapu, inausogeza tu kuelekea chini. Gurudumu likining'inia shimoni, sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) inapinda kupita kiasi, boljointi ya juu (kiungo cha mpira kwenye ncha ya mkono wa juu) inafika mwisho wake na mkono wa juu unaweza kugusa springi. Gari likibonyea sana, shokapu inaweza kugota kabla mpira wa kuzuia haujafanya kazi yake. Kubebanisha spesa mbili kunaongeza hatari zote hizo, na mbao au washa (ringi bapa za nati) zilizopangwa hazifai kabisa.

Kwanza pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Weka vizuizi magurudumu ya nyuma, inua, kalisha chasisi kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi. Fungua linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) pande zote mbili, kisha bolti ya chini ya shokapu na nati tatu za juu.

Nati ya katikati USIIGUSE. Ndiyo inayozuia springi iliyobanwa, na ikifunguka springi inaweza kuua mtu.

Shusha mkono wa chini taratibu na ufunge habu (kitovu cha gurudumu) kwa waya, isije ikaning'inia kwenye hozi ya breki au kuchomoa sivi jointi ya ndani. Spesa ikae bapa. Ncha za stadi za zamani zikitokeza juu yake, haitakaa sawa, na nati zitalegea barabarani. Kaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bolti inayopita kwenye bushi (kipande cha mpira kwenye kiungo) ikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ikikazwa gurudumu likining'inia, mpira unabaki umejisokota na unachanika mapema.

Nyuma, angalia kama una springi za koili au za upepo, maana spesa hizi ni za koili tu. Ekseli ikiwa imeshuka kabisa, hozi ya breki na waya za ABS zisivutike. Gari likiwa na vali ya breki inayosoma mzigo, irekebishwe: ekseli ikiwa mbali na bodi, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma.

Alaimenti ifanyike siku hiyo hiyo, pamoja na kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma), kwa sababu ikipungua usukani unazurura kwenye mwendo kasi. Shusha mwelekeo wa mwanga wa taa za mbele. Baada ya kilomita 100, na tena 500, pitisha spana ya torki kwenye kila nati uliyoifungua.