Wakili Mwenyewe Anakuja Saa Ngapi?

Asubuhi ya shauri langu la kwanza la ardhi mjini Tabora, mteja wangu, mzee mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, alinisalimu kwa upole, kisha akauliza: "Binti yangu, wakili mwenyewe anakuja saa ngapi?" Hata nilipovaa joho na kufunga tepe nyeupe shingoni, bado alikuwa akichungulia mlangoni.

Mzee sikumlaumu. Kilichonikera ni wenzangu wa kiume ambao, katika korido ileile, waliitana "wakili msomi" na mimi wakaniita "dada".

Juu kabisa milango ilifunguliwa zamani: Julie Manning alikuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975, na mwaka 2018 Fatma Karume alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Lakini katika ofisi niliyoanzia kazi, ambayo sitaitaja, mashauri ya benki na ya makampuni yaligawanywa miongoni mwa wanaume kabla sijafika mezani, nami nikaachiwa mirathi na talaka, kwa hoja kwamba mwanamke ana huruma, kana kwamba huruma ndiyo iliyonifaulisha mitihani ya Shule ya Sheria. (Mirathi, kwa kweli, ni ngumu kuliko mikataba mingi.)

Shauri la mzee tulilishinda. Wiki iliyofuata alileta dumu la asali ya miyombo, akamkabidhi kijana anayenibebea majalada, akimshukuru kwa kazi nzuri.